Nafasi Kati ya Mzigo na Mzigo: Soma Hii Kabla Kikundi Chako Hakijanunua Konveya

Zamani ukifika kwenye kikundi cha vijana, maswali yalikuwa mbegu, salfa na bei ya mnada. Siku hizi swali linalokuja haraka ni mashine. Kikundi kimoja kinataka kubangua korosho, kingine kinataka kusafisha ufuta, kingine kinataka mkanda wa kupakilia magunia kwenye gari. Wengine wanategemea mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ambao asilimia 4 yake ni ya vijana. Mkopo ule hauna riba, lakini lazima urudishwe. Mashine ikigoma wiki ya pili, deni haligomi.

Muuzaji wa mashine atakuonyesha mkanda unavyokimbia, rangi inavyong'aa, na kibao kilichoandikwa "kilo kadhaa kwa saa". Kitu ambacho wengi hawaulizi ni hiki: mzigo unaingiaje kwenye huo mkanda, na nani anahakikisha kila kimoja kina nafasi yake? Hapo ndipo hela inapopatikana au kupotea. Mkanda ni kazi rahisi, rola mbili na mota tu. Kupanga nafasi ndiyo kazi yenyewe.

Leo tusome hilo. Andaa kalamu, kuna hesabu kidogo.

1. Kwa nini mzigo uachiane nafasi?

Kuna sababu nne kubwa:

- Uzito juu ya mkanda. Kila konveya ina kiasi inachoweza kubeba kwa wakati mmoja. Ukirundika, mota inapata moto, mkanda unateleza au swichi inakata.
- Kupima. Mizani iliyo chini ya mkanda haijui boksi lipi ni lipi. Yakiwa mawili juu yake, inasoma yote mawili.
- Kuchambua. Mtu au kamera inayotafuta korosho mbovu lazima ione kila moja. Zikilaliana, ya chini inapita salama hata kama imeoza.
- Usalama. Mzigo uliobanana huziba njia, na mzigo ukiziba mtu anaingiza mkono. Ajali nyingi za mikanda zinaanza hivyo.

2. Hesabu ya nafasi

Kanuni ni moja, ishike:

*Umbali kutoka mwanzo wa mzigo mmoja hadi mwanzo wa unaofuata = kasi ya mkanda ÷ idadi ya mizigo kwa dakika.*

Tuanze na kitu unachokijua, kupakia magunia ghalani. Tuseme mkanda una urefu wa mita 9, unakwenda mita 30 kwa dakika, na kibao chake kinasema usibebe zaidi ya kilo 240 kwa wakati mmoja. Gunia la korosho ghafi ni kilo 80. Kwa hiyo mkanda unabeba magunia 3 tu kwa pamoja, yaani gunia moja kila mita 3. Mita 30 kwa dakika ni nusu mita kwa sekunde, hivyo mita 3 ni sekunde 6. Gunia moja kila sekunde 6.

Sasa vijana wenye nguvu wakianza kushindana na kutupia gunia kila sekunde 3, gunia linakaa juu ya mkanda sekunde 18, kwa hiyo yatakuwepo magunia 6. Hizo ni kilo 480, mara mbili ya uwezo. Mota haitaungua siku ile ile. Itaungua katikati ya msimu, gari limekaa getini na dereva anadai hela ya kulala.

Mfano wa pili ni maboksi. Korosho karanga za kusafirishwa nje hufungwa kwenye boksi la ratili 50, yaani kilo 22.68. Tuseme boksi lina urefu wa sentimita 40 na yanakuja yamegusana kwenye mkanda wa kwanza unaokwenda mita 12 kwa dakika. Mita 12 gawanya kwa 0.4, ni maboksi 30 kwa dakika.

Yakiingia mkanda wa pili unaokwenda mita 18 kwa dakika, idadi haibadiliki, ni 30 vilevile. Lakini umbali sasa ni 18 ÷ 30, sawa na sentimita 60. Toa urefu wa boksi, sentimita 40, inabaki nafasi ya sentimita 20 kati ya boksi na boksi. Hakuna mtu aliyeyasogeza. Tofauti ya kasi peke yake imefanya kazi.

Na kinyume chake je? Fundi akiweka mkanda wa tatu unaokwenda mita 9 kwa dakika, umbali unakuwa 9 ÷ 30, sentimita 30. Boksi ni sentimita 40. Haiwezekani! Yatagongana, yatapanda juu ya mengine, mengine yatadondoka. Ukiona mkanda unazibaziba mahali pale pale kila siku, usimlaumu mfanyakazi kwanza. Pima kasi ya mkanda unaofuata.

3. Mashine inapangaje nafasi yenyewe?

Tukisema "otomatiki" watu wanafikiria roboti. Kwa kweli njia zinazotumika viwandani ni chache na unaweza kuzielewa zote.

*Fida ya kutikisika.* Hili ni sinia la chuma chini ya hopa, linalotikiswa na mota au sumaku. Mzigo mdogo kama korosho na ufuta ukitikisika unatandazika wenyewe kuwa tabaka jembamba. Ukiongeza mtikisiko, mzigo unakwenda haraka. Ukipunguza, unachelewa.

*Mikanda ya kasi tofauti.* Ndiyo ile hesabu ya maboksi. Mkanda wa nyuma unakwenda polepole, wa mbele haraka.

*Vishikio.* Mkanda au mnyororo unakuwa na vizuizi au vitundu kwa umbali ule ule. Kila kimoja kinachukua kitu kimoja. Nafasi imefungwa kwenye chuma, haibadiliki.

*Kihisio na kompyuta ndogo.* Mafundi wanakiita sensa. Taa ndogo upande mmoja inatuma mwanga, upande wa pili unapokea. Boksi likipita, mwanga unakatika, likimaliza kupita, mwanga unarudi. Kompyuta inahesabu muda ambao mwanga ulikuwa wazi kati ya boksi na boksi. Kwenye mkanda wa mita 18 kwa dakika, yaani sentimita 30 kwa sekunde, nafasi ya sentimita 20 ni kama sekunde 0.67. Kompyuta ikiona sekunde 0.33 tu, inajua nafasi ni sentimita 10. Basi inapunguza kasi ya mkanda wa nyuma kidogo, boksi linalofuata linachelewa, nafasi inarudi. Kinachobadili kasi ya mota ni kifaa ambacho mafundi wanakiita inveta.

Kwa nini sentimita 10 ziwe tatizo? Chukua mizani ya mkandani yenye urefu wa sentimita 60. Maboksi yakiachiana sentimita 10, umbali wa mwanzo hadi mwanzo ni 50. Chora kwenye karatasi utaona: hakuna wakati hata mmoja ambapo boksi zima liko peke yake juu ya mizani. Linalotangulia likimaliza kutoka, linalofuata linaingia. Kwa hiyo kanuni ya pili ni hii: umbali wa mwanzo hadi mwanzo usiwe mfupi kuliko mizani.

Mkiona mizani inachanganya, kishawishi ni kujaza zaidi "ili tuwe salama". Kontena la futi 20 hubeba kama maboksi 700 ya aina hii. Ukizidisha gramu 200 tu kila boksi, umempa mnunuzi kilo 140 za korosho karanga bure. Ukipunguza gramu 200, umemwibia, naye atadai. Yote hayo kwa sababu ya nafasi ya sentimita 10.

4. Korosho moja, tundu moja

Mkoa wetu una somo la zamani kuhusu jambo hili, na vijana wengi hawalijui.

Kuanzia miaka ya 1960, kwa kiwanda cha Tanita cha Dar es Salaam kilichotumia mitambo ya Kiitaliano, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilijenga viwanda vikubwa 12 vya kubangua korosho. Vingi vilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Lindi mjini, Mtama na Nachingwea vilifika. Mitambo ilikuwa ya kisasa kwa wakati wake, ya Kiitaliano ya Oltremare na ya Kijapani ya Cashco.

Mashine za aina hiyo zinafanyaje kazi? Korosho hupangwa kwanza kwa saizi, kisha zinapanda kwenye mnyororo wenye vitundu. Kila tundu ni korosho moja, imelala kwa mkao mmoja. Mnyororo unaipeleka kati ya visu viwili vilivyokunjwa kufuata umbo la korosho. Visu vinakata ganda, halafu ganda linapanuliwa na karanga inatoka. Mashine za kisasa za kubangua, ambazo Vietnam imezitumia sana, bado zinafuata wazo hilo hilo la korosho moja, nafasi moja, mkao mmoja.

Angalia mashine hiyo inadai nini. Tundu likiwa tupu, kisu kinakata hewa na umeme umeliwa. Korosho mbili zikibanana tundu moja, zote zinavunjika. Korosho ndogo ikiingia mstari wa kubwa, kisu hakiifikii. Kubwa ikiingia mstari wa ndogo, kisu kinaikata karanga yenyewe.

Weka hesabu. Tuseme mstari mmoja unapitisha tundu moja kila sekunde, ni matundu 3,600 kwa saa. Kama korosho zako ni 180 kwa kilo, mstari ukijaa kabisa unabangua kilo 20 kwa saa. Yakijaa asilimia 70 tu, ni kilo 14. Mashine ni ile ile, umeme ule ule, mshahara ule ule, na kilo 6 zimepotea kila saa kwa sababu ya fida mbaya. Muuzaji alikuandikia kilo 20, wala hakudanganya. Alihesabu matundu yaliyojaa.

Sasa viwanda vile vilipatwa na nini? Sababu zilikuwa nyingi, ila kubwa ni kwamba mzigo ulikatika. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000. Kufikia 1986/87 ilikuwa chini ya tani 20,000. Watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei kwa mkulima ilikuwa ndogo, ubwiriunga ukaingia. Mitambo iliyojengwa kumeza mzigo mfululizo ikakosa cha kumeza. Viwanda vikasimama, vingine vikaishia kuwa maghala.

Hili liwe kipimo chenu. Mtambo wa otomatiki una njaa ya aina mbili: unataka mzigo wa kutosha na mzigo unaofanana. Vyote viwili vinaanzia shambani. Korosho iliyokaushwa vizuri, unyevu wa asilimia 8 hadi 10, isiyo na mawe wala mabibo makavu, iliyopangwa kwa saizi, inakaa kwenye tundu lake. Korosho ya kuokota juzi na kuchanganya na ya mwezi uliopita haikai. Mnunuzi wa karanga naye analipa kwa uzima na saizi. Daraja la W320 maana yake ni karanga nzima 300 hadi 320 kwa ratili moja. Kipande hakiingii humo hata kiwe kitamu namna gani.

5. Ufuta na mashine ya rangi

Kwenye ufuta huwezi kuipa kila punje tundu lake, kwa hiyo nafasi inapangwa kwa tabaka. Baada ya chekecheke na upepo kutoa vumbi, vijiti na mchanga, viwanda vikubwa hupitisha ufuta kwenye mashine ya kuchambua kwa rangi. Punje zinateremka kwenye mfereji zikiwa tabaka moja, kamera inaziangalia, na ikiona punje nyeusi au kipande cha udongo, tundu dogo la hewa linaipuliza pembeni.

Hewa ile haina vidole. Punje mbaya ikiwa imegusana na tatu nzuri, zote nne zinapulizwa. Kwa hiyo ukiongeza kasi ya fida ili umalize mapema, mambo mawili yanatokea pamoja: uchafu mwingine unapita kwa kujificha, na ufuta mzuri unatupwa. Ndiyo maana waendeshaji wazuri hurudisha yaliyotupwa na kuyapitisha mara ya pili kwa kasi ndogo.

Kipimo rahisi ukienda kusafishiwa ufuta wako: omba kuona ndoo ya yaliyokataliwa. Ukikuta imejaa ufuta mzuri, fida inakwenda haraka mno au upepo umefunguliwa kupita kiasi. Huo ni ufuta wako, una haki ya kuuliza.

6. Kama hamna hela ya otomatiki

Usikate tamaa. Nafasi inaweza kupangwa kwa njia za bei ndogo:

1. Piga mistari ya rangi kwenye mkanda. Kwa mfano wetu wa magunia, mstari kila mita 3. Gunia linawekwa kwenye mstari tu.
2. Weka mlango wa kupandisha na kushusha kwenye mdomo wa hopa. Ukiweka uwazi mdogo kidogo kuliko korosho mbili zilizopandana, zinatoka tabaka moja. Mlango uwe wa mpira laini ili usivunje.
3. Tumia sinia la mabati lenye migongo. Korosho zinajipanga kwenye mifereji, na wanaochambua wanaona vizuri.
4. Pangeni saizi kabla. Ngoma yenye matundu ya kuchekechea inaweza kutengenezwa na fundi wa kuchomelea. SIDO na VETA wana mafundi wa kuwashauri.
5. Mchague mtu mmoja wa kulisha mashine, na asibadilishwe ovyo. Mkono uliozoea ni fida nzuri kuliko watu wanne wanaopokezana.

Vikundi vinavyobangua kwa mashine za mkono tayari vinafanya hivyo: mtu anaiweka korosho moja moja, anaigeuza mkao, anashusha kisu. Kazi hiyo ndiyo iliyogeuzwa mnyororo. Ukiielewa kwa mkono, hutadanganywa kwenye umeme.

7. Kuwasha, kuzima na umeme kukatika

Kama mna mikanda miwili au zaidi inayofuatana, andikeni hili ukutani kwa herufi kubwa:

WASHA KUANZIA MWISHO. ZIMA KUANZIA MWANZO.

Mkanda wa mwisho uwe unakwenda kabla wa nyuma haujaanza kumletea mzigo. Wakati wa kuzima, simamisha fida kwanza, acha mikanda ijimalize. Umeme ukikatika ghafla, zima swichi zote, kwa sababu ukirudi kila kitu kitaanza kwa pamoja huku mzigo umelala juu. Punguza mzigo kwa mkono *mashine ikiwa imezimwa*, ndipo uwashe.

Na sisi wa mwambao tuna adui wengine: hewa ya chumvi, vumbi na mafuta ya maganda ya korosho. Kihisio kikipakwa vumbi kinaamini kuna boksi muda wote, na mkanda utasimama bila sababu. Futa kioo chake kwa kitambaa kikavu kila asubuhi. Rola zipakwe grisi, na minyororo ikaguliwe kutu. Kamba au kitufe cha kusimamisha kwa dharura kijaribiwe kila siku kabla ya kazi kuanza.

8. Maswali ya kumuuliza muuzaji

- Uwezo ulioandikwa ni wa mashine iliyojaa kabisa, au ni wa kazi ya kawaida?
- Fida imo kwenye bei, au inauzwa pembeni?
- Inapokea saizi zipi? Nani anapanga saizi?
- Nikija na gunia langu moja la korosho zangu, utaiwasha nione? (Akikataa, mjadala umeisha.)
- Nzima zinatoka ngapi kwa mia, na vipande vingapi?
- Kihisio au inveta ikifa, ipo wapi dukani, na fundi yuko umbali gani?
- Kasi ya kila mkanda naweza kuibadilisha mwenyewe?

Na swali la kujiuliza nyinyi wenyewe: mzigo wetu unaweza kuilisha mashine hii miezi mingapi kwa mwaka? Kama jibu ni miwili, tafuteni ubia na AMCOS yenu au na kikundi jirani kabla ya kusaini mkopo.

9. Zoezi

Maboksi ya sentimita 50 yamegusana kwenye mkanda wa mita 15 kwa dakika. Yanaingia mkanda wa pili wa mita 24 kwa dakika, kisha mizani ya sentimita 75, kisha mkanda wa tatu wa mita 12 kwa dakika.

(a) Ni maboksi mangapi kwa dakika? (b) Nafasi kwenye mkanda wa pili ni ngapi? (c) Mizani itasoma sawasawa? (d) Mkanda wa tatu unafaa?

*Majibu:* (a) 30. (b) Umbali ni sentimita 80, nafasi ni 30. (c) Ndiyo, 80 ni zaidi ya 75. (d) Haufai, umbali unakuwa sentimita 40 na boksi ni 50. Uongezewe kasi kupita mita 15 kwa dakika.

Fanyeni zoezi hili kwenye kikao cha kikundi, mwenyekiti na mweka hazina wakiwepo. Halafu nendeni mkaone mashine mnayotaka kununua mkiwa na futi ya kupimia, saa na gunia lenu. Muuzaji atajua amekutana na wateja wanaojua wanachokitafuta. Msimu mwema.